Ferasi au chuma(II)? Kutaja na kuandika kampaundi za metali za mpito, njia kwa njia

Ukizunguka Ngamiani, hapa Tanga mjini, nusu siku tu utakutana na metali za mpito zikiwa zimevaa majina ya kila namna. Duka la pembejeo linauza mrututu, zile chenga za buluu za kupigia dawa nyanya. Fundi wa mageti anapaka red oksaidi kabla ya rangi yenyewe, maana upepo wa bahari ya Tanga hauna huruma na chuma. Famasi kuna pamanganeti ya kusafishia vidonda, na kliniki mama mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo kopo lake limeandikwa "ferrous". Jioni mwanafunzi anafungua daftari la kemia na kukuta vitu vilevile vikiitwa kwa majina mengine kabisa: salfeti ya shaba(II), oksaidi ya chuma(III), manganeti(VII) ya potasiamu.

Maswali ya kuchagua hapa ni mawili. La kwanza, utumie mfumo gani wa majina. La pili, ukishapewa jina, utafute fomula kwa njia ipi. Kwa mwenye haraka: andika kwa namba za Kirumi, na majina ya zamani uyajue kwa kuyasoma tu. Fomula itafute kwa kusawazisha chaji kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika), usitegemee kubadilishana valensi, yaani kushusha namba ya chaji ya kila upande chini ya mwenzake. Hilo la pili lina ubishi, kwa sababu wengi wamefundishwa kubadilishana na wanapata majibu sahihi mara nyingi. Shida iko kwenye zile mara chache.

Kwa nini chuma kinadai namba na sodiamu haidai

Sodiamu ina elektroni moja ya nje. Ikishaitoa imemaliza, inabaki Na⁺ popote utakapoikuta, kwa hiyo "kloridi ya sodiamu" inatosha. Chuma kina elektroni 26 zilizopangwa 2, 8, 14, 2. Zile mbili za nje ni kama wageni wa mji huu, waja leo waondoka leo: ndizo zinazotoka kwanza, chuma kikabaki Fe²⁺. Lakini ganda lililo chini yake nalo si bahili. Likiachia moja zaidi, tunapata Fe³⁺. Shaba, yenye mpangilio 2, 8, 18, 1, hutoa moja ikawa Cu⁺ au mbili ikawa Cu²⁺. Manganizi ndiyo haina mwisho: huonekana kuanzia +2 hadi +7. Basi ukisema "kloridi ya chuma" bila nyongeza, hujasema kitu. Inaweza kuwa FeCl₂, inaweza kuwa FeCl₃, na hizo ni dutu mbili tofauti kwa rangi, kwa uzito na kwa tabia.

Majina ya zamani na majina ya namba

Mfumo wa zamani unachukua jina la Kilatini la metali na kulipa mkia. Mkia wa "-ous" kwa Kiingereza, ambao kwetu husikika "-asi", ni wa chaji ndogo. Mkia wa "-ic", kwetu "-iki", ni wa chaji kubwa. Ndiyo maana ya ferasi na feriki, kuprasi na kupriki.

Mfumo wa namba uliletwa na mkemia Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919. Alitaka namba ya oksidisho, yaani chaji ya kuhesabia ya metali, iandikwe wazi kwa Kirumi ndani ya mabano, mara tu baada ya jina la metali. (Stock huyohuyo alivuta mvuke wa zebaki maabara kwa miaka bila kujua, ukamdhuru, na mwaka 1926 akaandika kuwaonya wenzake.) IUPAC, chombo cha kimataifa kinachosimamia majina ya kemia, kinatumia namba na hakipendekezi tena ile mikia.

| Fomula | Jina la zamani | Jina la namba | Inavyoonekana |
|---|---|---|---|
| FeSO₄·7H₂O | salfeti ya ferasi | salfeti ya chuma(II) | kijani hafifu |
| Fe₂O₃ | oksaidi ya feriki | oksaidi ya chuma(III) | nyekundu ya udongo |
| Cu₂O | oksaidi ya kuprasi | oksaidi ya shaba(I) | nyekundu |
| CuO | oksaidi ya kupriki | oksaidi ya shaba(II) | nyeusi |
| MnO₂ | daioksaidi ya manganizi | oksaidi ya manganizi(IV) | nyeusi, ule unga wa ndani ya betri za tochi |

Tazama mstari wa kwanza na wa tatu. Ferasi ni +2, kuprasi ni +1, na mkia ni uleule. Mkia haukupi namba, unakwambia tu "ndogo kati ya mbili", na hizo mbili ni juu yako kuzikariri kwa kila metali. Kwa chuma na shaba unaweza kuvumilia. Ukifika vanadiamu, yenye +2 (zambarau), +3 (kijani), +4 (buluu) na +5 (njano), mikia miwili itazigawanaje hali nne? Mstari wa mwisho wa jedwali ni ushahidi wa kushindwa huko: watu waliacha mikia wakaanza kuhesabu oksijeni, "dai-oksaidi".

Kwa hiyo majina ya zamani yatupwe? Hapana. Kopo la vidonge litaendelea kuandikwa "ferrous", vitabu vya kale vya maabara vimejaa "cupric", na mtu wa famasi hatabadili lugha yake kwa ajili ya mtihani wako. Jifunze jozi nne tu na zitakutosha maisha: ferasi 2 na feriki 3, kuprasi 1 na kupriki 2, za risasi, 2 na 4, za bati, 2 na 4. Hizo mbili za mwisho si metali za mpito, ila zina tabia hiyohiyo ya chaji mbili, na namba zinazihusu vilevile. (Na bati la kemia si bati la kuezekea. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki. Jina limehamia tu.)

Ukiandika namba, mambo mawili huharibu. La kwanza ni nafasi: ni shaba(II), mabano yakigusana na jina, si shaba (II). La pili ni kuchanganya IV na VI. Kwa manganizi kosa hilo linakuhamisha kutoka unga mweusi wa betri hadi chumvi ya kijani kibichi kabisa, K₂MnO₄.

Kuna mfumo wa tatu, wa mwaka 1949, wa Ewens na Bassett, unaoandika chaji yenyewe: chuma(2+), chuma(3+). Ni mzuri, na mahali pamoja unaushinda ule wa Stock, tutapafika. Lakini mtihani wa sekondari hauuulizi, na kuuchanganya na namba za Kirumi katika jibu moja ni kujitafutia kukatwa alama.

"Chuma(III) kloridi" au "kloridi ya chuma(III)"?

Huu ni uchaguzi wetu sisi tunaosema Kiswahili. Kiingereza kinaanza na metali, sawa na fomula: Fe kwanza, Cl baadaye. Kiswahili cha kawaida kinageuza, kloridi *ya* chuma. Wapo wanaoandika "chuma(III) kloridi" ili mpangilio ulingane na fomula, na hoja yao ni ya kweli: mwanafunzi mchanga akisikia "kloridi ya chuma" mara nyingine huandika Cl₃Fe.

Hata hivyo tunashika "kloridi ya chuma(III)". Kwanza ndivyo Kiswahili kinavyosemwa. Pili, na hili ndilo kubwa, mpangilio huo unakuonyesha pa kuanzia hesabu. Kloridi ni 1− siku zote. Oksaidi ni 2−, salfeti ni 2−, naitreti 1−, haidroksaidi 1−, kaboneti 2−, fosfeti 3−. Anioni, yaani ioni yenye chaji hasi, haibadiliki, metali ndiyo inayobadilika. Anayeanza na anioni anaanza na kile anachokijua. Kosa la Cl₃Fe linaponywa kwa sheria moja, kwamba katika fomula metali hutangulia. Kosa la kuanzia hesabu kwenye metali haliponi upesi hivyo.

Kubadilishana valensi na kusawazisha kwa KDS

Chukua salfeti ya chuma(III). Namba ya Kirumi inakupa Fe³⁺, na salfeti unaijua, SO₄²⁻.

Anayebadilishana anachukua 3 ya chuma anaishusha chini ya salfeti, anachukua 2 ya salfeti anaishusha chini ya chuma: Fe₂(SO₄)₃. Sekunde tano, na ni sahihi.

Wa KDS anajiuliza: kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 2 ni ngapi? Sita. Ili chuma kifikishe 6+ zinahitajika ioni 6 ÷ 3 = 2. Ili salfeti ifikishe 6− zinahitajika 6 ÷ 2 = 3. Fe₂(SO₄)₃. Amechukua sekunde kumi na tano.

Hapo anayebadilishana anashinda. Sasa mpe oksaidi ya manganizi(IV). Mn⁴⁺, O²⁻. Anabadilishana: Mn₂O₄. Akikumbuka kurahisisha kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika), ambayo ni 2, anapata MnO₂. Asipokumbuka, amekosa, na kwenye chumba cha mtihani wengi hawakumbuki. Wa KDS: KDS ya 4 na 2 ni 4, manganizi 1, oksijeni 2, MnO₂. Hakuna cha kurahisisha, kwa sababu KDS tayari ndiyo ndogo kuliko zote. Hali ni hiyohiyo kwa oksaidi ya shaba(II), ambako kubadilishana kunazaa Cu₂O₂, na kwa fosfeti ya chuma(III), ambako kunazaa Fe₃(PO₄)₃ badala ya FePO₄.

Lakini hasara kubwa ya kubadilishana haipo huko. Ipo ukitaka kurudi, kutoka fomula hadi jina.

Safari ya kurudi, ndipo wengi wanapozama

Umepewa Cu₂O. Aliyezoea kubadilishana anaona 2 chini ya shaba, na kuna njia mbili za kukosea. Mmoja anaandika moja kwa moja "shaba(II)", akidhani ile 2 ndiyo namba ya Kirumi. Hili ni kosa la kawaida kuliko yote katika mada hii. Mwingine anabadilishana kinyumenyume, na kwa Cu₂O anabahatika: 2 inarudi kwa oksijeni, 1 inarudi kwa shaba, shaba(I). Anafurahi. Kisha anapewa CuO, anarudisha 1 kwa kila upande, anaandika shaba(I) tena. Fomula mbili tofauti, jina moja. MnO₂ anaigeuza kuwa manganizi(II), FeSO₄ kuwa chuma(I). Namba zilirahisishwa wakati wa kuandika fomula, na kilichorahisishwa hakirudi chenyewe.

Kwa chaji, hesabu ni moja kila mara. Anza na anioni. Zidisha chaji yake kwa idadi yake. Metali zote kwa pamoja lazima zilipe deni hilo, ndipo uligawe kwa idadi ya metali.

Cu₂O: oksijeni moja, deni 2. Shaba mbili zinagawana, kila moja 1. Oksaidi ya shaba(I).
CuO: deni 2, shaba moja inalipa lote. Oksaidi ya shaba(II).
Fe₂O₃: oksijeni tatu, deni 6. Chuma mbili, kila moja 3. Oksaidi ya chuma(III), ndiyo hiyo red oksaidi ya fundi wa mageti.
Cr₂(SO₄)₃: salfeti tatu, deni 6, kromi mbili. Salfeti ya kromi(III).

Namba ndogo ya chini ni idadi, namba ya Kirumi ni chaji ya mmoja. Ukiona jibu lako lina namba ya Kirumi inayofanana na namba ndogo iliyo chini ya metali, rudia hesabu kabla ya kugeuza ukurasa.

Zisizodai namba

Fedha (Ag⁺), zinki (Zn²⁺), kadimiamu (Cd²⁺) na skandiamu (Sc³⁺) hukaa na chaji moja katika kampaundi za kawaida. Andika kloridi ya fedha, AgCl, na salfeti ya zinki, ZnSO₄, bila Kirumi. Zinki kwa maana kali ya IUPAC haihesabiki hata kuwa metali ya mpito, kwa kuwa ganda lake la d limejaa, lakini vitabu vingi huiweka kundi hilo na mtihani haugombani nawe.

Mabano, na maji ya fuwele

Mabano yanahitajika pale tu ioni yenye atomu zaidi ya moja inapojirudia. Cu(NO₃)₂ ina mabano. CuSO₄ haina, salfeti ni moja. Ukiandika FeOH₃ badala ya Fe(OH)₃ umesema kuna oksijeni moja na haidrojeni tatu. Ukiandika CuNO₃₂ umeipa naitreti oksijeni thelathini na mbili. Wala usiyafungue mabano kwa kuzidisha: Fe₂S₃O₁₂ ina atomu sawasawa, ila salfeti imepotea machoni.

Maji ya fuwele ndiyo yanayotia hasara ya kupimika. Mrututu wa dukani si CuSO₄, ni CuSO₄·5H₂O. Bila maji hayo chumvi ni nyeupe, na rangi ya buluu ni dalili kwamba maji yapo. Uzito wa moli moja ni gramu 249.5, na bila maji ni 159.5. Maabara ikitaka lita moja ya myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), pima gramu 24.95 za zile chenga za buluu. Aliyesoma jina "salfeti ya shaba(II)" akakokotoa kwa CuSO₄ tupu atapima 15.95, na myeyusho utakuwa karibu 0.064 M. Atahangaika kipindi kizima cha vitendo akilaumu vyombo. Jina lake kamili linamaliza na "yenye maji 5" au "pentahaidreti", na hicho kipande si urembo.

Kwenye dawa ni vilevile. Vidonge vya zinki vya mtoto anayeharisha huhesabiwa kwa zinki yenyewe, miligramu 20. Chumvi inayotumika sana ni ZnSO₄·H₂O, ambayo zinki ni karibu asilimia 36.4, ndiyo maana kuna makasha yanayotaja 54.9 mg za chumvi na 20 mg za zinki kwa pamoja. Hizo namba hazipingani. Moja ni ya kampaundi, nyingine ni ya ioni.

Metali ikijificha ndani ya anioni

Pamanganeti, KMnO₄, huwachanganya watu kwa sababu metali ya mpito haiko mbele. Mbele kuna potasiamu, ambayo ni +1 daima. Oksijeni nne zina deni la 8. Potasiamu inalipa 1, zinabaki 7 za manganizi. Manganeti(VII) ya potasiamu. Kumbuka hapa Kirumi kinakaa kwenye sehemu ya anioni, kando ya manganeti, si kando ya potasiamu. K₂Cr₂O₇ vivyo hivyo: deni 14, potasiamu mbili zinalipa 2, zinabaki 12 kwa kromi mbili, kila moja 6. Daikrometi(VI) ya potasiamu. Hakuna ioni ya Mn⁷⁺ inayoelea peke yake ndani ya maji ya zambarau. Hiyo 7 ni namba ya oksidisho, ya kuhesabia.

Mahali ambapo sheria zinapinda

Zebaki. Hg₂Cl₂ ni kloridi ya zebaki(I), na aliyezoea kurahisisha atakimbilia HgCl. Asifanye hivyo, kwa sababu zebaki(I) huenda mbili zikiwa zimeshikana, Hg₂²⁺. Sawazisha ukiichukua kama ioni moja yenye 2+, na kloridi mbili zitajitokeza zenyewe. Hapa ndipo mfumo wa Ewens na Bassett unapoushinda wa Stock: "dizebaki(2+)" inaionyesha ile jozi, "zebaki(I)" haiionyeshi.

Fe₃O₄ nayo: deni 8, chuma tatu, kila moja 2⅔. Hakuna Kirumi cha hilo. Ni Fe²⁺ moja na Fe³⁺ mbili katika fuwele moja, 2 + 3 + 3 = 8, na huandikwa oksaidi ya chuma(II,III).

Chupa inayobadilika jina rafuni

Hewa ya pwani hii ni nzito kwa unyevu, na salfeti ya chuma(II) iliyofungwa vibaya haikai ilivyo. Chenga za kijani hafifu huota ukoko wa manjano-kahawia kwa juu: oksijeni imechukua elektroni moja kwa baadhi ya Fe²⁺, zimekuwa Fe³⁺, na lebo sasa ni nusu kweli. Kupima ni rahisi. Yeyusha chenga chache katika maji na utone haidroksaidi ya sodiamu. Fe²⁺ hutoa rojorojo ya kijani chafu, ambayo ukiiacha juu yake huanza kugeuka kahawia. Fe³⁺ hutoa nyekundu-kahawia tangu tone la kwanza. Ukiona kahawia mapema, usiitumie chupa hiyo kwa taitresheni. Myeyusho wa chuma(II) utengenezwe siku ileile, katika maji yaliyotiwa asidi hafifu ya salfuriki kidogo, na kwenye lebo iandikwe jina na fomula pamoja na maji yake, salfeti ya chuma(II), FeSO₄·7H₂O, na tarehe chupa ilipofunguliwa.